Padri Georges Lemaître, Aliyeupima Ulimwengu kwa Hesabu

1. Utoto wake

Katika nchi ya Ubelgiji uko mji uitwao Charleroi. Zamani mji huo ulijulikana kwa makaa ya mawe yaliyochimbwa chini ya ardhi, na kwa viwanda vya vioo. Humo alizaliwa Georges Lemaître, tarehe 17 mwezi wa saba mwaka 1894. Baba yake Joseph alikuwa na kiwanda cha vioo; mama yake aliitwa Marguerite Lannoy. Wazazi hao walikuwa Wakristu wenye bidii. Mungu aliwajalia watoto wanne, wote wa kiume, na Georges ndiye aliyekuwa kifungua mimba.

Alisoma kwa Mapadri Wajezuiti, na akili yake ilikuwa nyepesi hasa katika hesabu. Akiwa angali mtoto, moyo wake ulishika matamanio mawili: kuwa padri, na kuwa mtu wa elimu. Wako watu wanaodhani kwamba matamanio hayo mawili hayawezi kukaa katika nyumba moja. Maisha yake yote yalionyesha kwamba yaweza, ila kila moja lazima lipewe chumba chake.

Siku moja moto ulikiteketeza kiwanda cha baba, na mali ya nyumba ikaisha. Ndipo jamaa yote ikahamia Bruxelles, mji mkuu wa nchi, na baba akaanza maisha upya kwa kazi nyingine. Hivyo Georges alijifunza mapema kwamba kazi ya miaka mingi yaweza kuwa majivu kwa usiku mmoja.

2. Vita na wito

Mwaka 1911 Georges aliingia chuo kikuu cha Louvain, kile chuo cha Kikatolika ambacho baadaye, mwaka 1954, kilisaidia kuzaa chuo cha Lovanium karibu na Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Alijifunza uinjinia wa migodi. Lakini mwezi wa nane mwaka 1914 majeshi ya Wadachi yaliivamia Ubelgiji. Georges alijitoa mwenyewe kuwa askari, pamoja na ndugu yake Jacques. Alikaa vitani miaka minne, kwanza katika askari wa miguu, kisha katika askari wa mizinga. Alipigana kando ya mto Yser, na mwaka 1915, karibu na mji wa Ypres, aliona jinsi moshi wa sumu ulivyowaua watu. Vita vilipokwisha alipewa msalaba wa heshima kwa ajili ya ushujaa wake. Hata katika mahandaki yenye matope hakuacha kusoma: alikuwa na vitabu vya fizikia, alikuwa pia na Maandiko Matakatifu.

Aliporudi hakuutaka tena uinjinia. Alishika hesabu na fizikia, akapata daraja la udaktari mwaka 1920. Mwaka huo huo akaingia seminari ya Malines, katika nyumba iliyowekwa kwa ajili ya wale walioitwa na Mungu wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima. Askofu mkuu wa Malines, Kardinali Mercier, naye alikuwa mwenye elimu nyingi. Hakumnyang'anya mseminari wake vitabu vya hesabu, bali alimruhusu aendelee navyo. Tena ndiye aliyempa sakramenti ya upadri, mwezi wa tisa mwaka 1923. Padri mpya aliingia pia katika chama cha mapadri kilichoanzishwa na Kardinali huyo, kiitwacho Marafiki wa Yesu. Wenye chama hicho hujifunga kuishi kwa ufukara na kusali kwa bidii. Padri Lemaître aliishika ahadi hiyo mpaka kufa.

3. Embe, mwezi na kitanda cha kamba

Kila mtoto ajua kwamba embe likiiva huanguka chini, halipandi juu. Mwingereza Isaac Newton alionyesha mwaka 1687 kwamba nguvu ileile inayolivuta embe ndiyo inayoushika mwezi usitoroke, na kuishika dunia ilizunguke jua. Nguvu hiyo huitwa uvutano. Kwa zaidi ya miaka mia mbili maelezo ya Newton yalitosha karibu kwa kila jambo.

Mwaka 1915 Albert Einstein alileta maelezo mapya yenye kina zaidi. Mtu mzito akilala juu ya kitanda cha kamba, kamba hubonyea chini yake, na kitu chochote kilichowekwa kando humtelemkia. Vivyo hivyo, kwa maelezo ya Einstein, jua na nyota hupinda mahali na wakati vilivyo kando yao, na vitu vingine huifuata njia iliyopinda. Einstein hakutaka watu wamwamini kwa jina lake. Alitaja mambo ambayo yangeweza kuonekana kwa macho kama maelezo yake ni ya kweli, na mwaka 1919, jua lilipopatwa na mwezi, Waingereza walipima mwanga wa nyota na kukuta umepinda kama alivyohesabu.

Hata hivyo, alipoyatumia maelezo yake kwa ulimwengu mzima, mwaka 1917, alikuta tatizo. Kama vitu vyote huvutana, mbona nyota zote hazijaangukiana? Siku zile karibu wenye elimu wote walidhani kwamba ulimwengu umetulia, haukui wala haupungui. Kwa hiyo Einstein aliongeza katika hesabu yake namba moja mpya, mfano wa nguvu ya kusukuma, ipate kulingana na uvutano na kuacha kila kitu mahali pake. Namba hiyo ndogo ilikuwa na kazi kubwa katika maisha ya Padri Lemaître.

4. Ulimwengu unaokua

Akiwa seminarini, Lemaître alikuwa ameyasoma maandiko ya Einstein peke yake na kuandika kitabu juu yake. Kwa kitabu hicho alipata fedha za kusafiri. Mwaka 1923 alikwenda Cambridge, Uingereza, kujifunza kwa Arthur Eddington, yule aliyeupima mwanga wa nyota mwaka 1919. Mwaka uliofuata alivuka bahari mpaka Marekani, akafanya kazi katika nyumba ya kuchungulia nyota ya Harvard.

Huko Marekani alikuta habari mpya. Usiku usio na mwezi huonekana mbinguni ukanda mweupe mfano wa moshi. Ukanda huo ni nyota nyingi mno, na jua letu ni moja katika kundi lao. Kundi la namna hiyo huitwa galaksi. Wakati ule ule Edwin Hubble alikuwa amethibitisha kwamba ziko galaksi nyingine nje ya hiyo, mbali sana. Tena Vesto Slipher alikuwa amepima mwanga wa galaksi nyingi na kukuta umeelekea wekundu. Maana yake ni nini? Lori likija linapiga honi, sauti yake husikika nyembamba. Likisha kupita na kwenda zake, sauti huwa nzito. Mwanga nao una tabia ya jamii hiyo: kitu kikienda mbali, mwanga wake huelekea wekundu. Basi karibu galaksi zote zilionekana kwenda mbali.

Mwaka 1925 Padri Lemaître alirudi Louvain kuwa mwalimu. Mwaka 1927 alitoa maandiko yake makubwa, kwa Kifaransa, katika gazeti la wenye elimu la Bruxelles. Alionyesha kwamba hesabu za Einstein zenyewe zaruhusu ulimwengu unaokua. Ulimwengu uliotulia ukisukumwa kidogo tu, lazima ukue au usinyae. Akaunganisha hesabu hizo na mwanga mwekundu wa galaksi, akasema kwamba galaksi hazikimbii kama watu wanaokimbia moto. Mahali penyewe palipo kati yao ndipo panapotanuka. Mwanamke akikanda unga wa mikate, akachanganya karanga ndani yake, donge likiumuka kila karanga huachana na nyingine, na zilizo mbali huachana upesi kuliko zilizo karibu. Karanga hazikutembea. Unga ndio uliokua.

Padri Lemaître hakuishia katika mfano. Alitoa pia namba ya kupimia mwendo wa kukua huko. Namba yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, karibu mara tisa ya ile inayojulikana leo, kwa sababu umbali wa galaksi ulikuwa haujapimwa sawasawa. Lakini wazo lilikuwa limesimama, na lilikuwa limewekwa mahali ambapo mtu yeyote angeweza kulipima.

Mwezi wa kumi mwaka 1927 Einstein alikuja Bruxelles kwenye mkutano mkubwa wa wanafizikia. Padri Lemaître alikuwa na umri wa miaka 33, na watu wachache walimjua. Alizungumza na Einstein. Mwenye elimu huyo mashuhuri alikubali kwamba hesabu hazina kosa, akamjulisha kwamba Mrusi Alexander Friedmann alikuwa amefikia hesabu za namna hiyo mwaka 1922. Lakini wazo la ulimwengu unaokua alilikataa kwa maneno makali. Padri hakugombana naye. Alirudi Louvain akaendelea kufundisha na kungoja.

Mwaka 1929 Hubble alitangaza vipimo vyake: galaksi ikiwa mbali zaidi, huenda upesi zaidi. Mwaka 1930 Eddington aliyasoma tena maandiko ya mwanafunzi wake wa zamani, akayatangaza kwa wote, na mwaka 1931 yakatolewa kwa Kiingereza. Einstein naye akakiri kwamba ulimwengu wakua.

5. Wazo la mwanzo

Kama ulimwengu wakua leo, jana ulikuwa mdogo kuliko leo, na juzi mdogo zaidi. Mwaka 1931 Padri Lemaître aliifuata njia hiyo nyuma mpaka mwisho wake. Aliwaza kwamba hapo kale vitu vyote vilikuwa vimekusanyika katika hali moja ndogo na nzito mno, aliyoifananisha na atomu ya kwanza, nayo ikapasuka, na vipande vyake vikawa nyota na galaksi.

Wengi walilikataa wazo hilo, na wengine walimshuku mwandishi wake. Waliona kanzu yake, wakadhani kwamba anataka kuingiza kitabu cha Mwanzo ndani ya fizikia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1948 Fred Hoyle na wenzake huko Uingereza walileta wazo la kupingana nalo: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, nao wakua huku vitu vipya vikizaliwa daima kidogo kidogo. Hoyle ndiye aliyelibandika wazo la Lemaître jina la Mshindo Mkubwa, mwaka 1949, katika radio. Jina hilo limebaki mpaka leo.

Lilikuwapo pia tatizo la kweli, lisilotokana na shuku ya mtu. Kwa vipimo vya Hubble, umri wa ulimwengu ulionekana kuwa mdogo kuliko umri wa mawe ya dunia. Mtoto hawezi kuwa mkubwa kuliko mama yake. Padri Lemaître alilijibu kwa ile namba ya kusukuma. Einstein alikuwa ameitupa, akiona haina kazi tena. Padri aliishika. Alionyesha kwamba ikiwapo, ulimwengu waweza kukua, kisha kupunguza mwendo kwa muda mrefu sana, kisha kuongeza mwendo tena, na hivyo umri wake huwa mrefu wa kutosha. Mwaka 1934 aliandika kwamba namba hiyo yaweza kufahamiwa kama nguvu iliyomo katika mahali patupu penyewe. Wawili hao walikutana tena mara nyingi, wakaheshimiana, lakini juu ya namba hiyo hawakupatana kamwe.

6. Mashine za kuhesabu

Mtu akisema kwamba njia fulani yafika mtoni, haifai kubishana naye kutwa kucha. Yafaa kuifuata mpaka mwisho na kutazama kama mto uko. Hivyo ndivyo Padri Lemaître alivyotenda na mawazo yake na ya wengine. Lakini njia za hesabu za mbingu ni ndefu mno. Kwa mkono, hesabu moja yaweza kumaliza miezi. Kwa sababu hiyo alizipenda mashine za kuhesabu, tangu zile za meno na gurudumu hadi zile za umeme.

Katika miaka ya 1930 alishirikiana na Manuel Vallarta, mzaliwa wa Meksiko, kutafuta njia za mionzi inayoijia dunia kutoka mbinguni. Chembe za mionzi hiyo hupindwa na nguvu ya sumaku ya dunia, hata huwa chache penye ikweta kuliko upande wa kaskazini. Kuihesabu njia ya kila chembe kulihitaji hatua nyingi sana, nao walitumia mashine kubwa ya Vannevar Bush huko Massachusetts, iliyojaa vyuma vya kuzunguka. Padri Lemaître aliitumaini sana mionzi hiyo, akidhani ni masalio ya ile atomu yake ya kwanza. Katika jambo hilo alikosea, na vipimo vya baadaye vilionyesha hivyo.

Baada ya vita vya pili aliacha kidogo kidogo kuandika juu ya mwanzo wa ulimwengu, akazidi kukaa na mashine. Mwaka 1958, alipokuwa na umri wa miaka 64, chuo cha Louvain kilipata kompyuta yake ya kwanza, ya aina ya Burroughs E101, naye ndiye aliyeshughulika ipatikane. Ilikuwa na ukubwa wa meza. Padri mzee alijifunza kuiandikia amri yeye mwenyewe, akawafundisha vijana. Alitaka kujua jinsi galaksi zinavyokusanyika katika makundi. Aliwaza kwamba makundi hayo yapo pale ambapo uvutano na ile nguvu ya kusukuma hulingana, na galaksi huingia humo na kutoka. Badala ya kulisifu wazo lake, alilihesabu. Leo makundi ya galaksi hayaelezwi tena kwa namna hiyo. Lakini desturi ya kuweka galaksi ndani ya mashine, na kuziacha zivutane hatua kwa hatua ili kuona zitafika wapi, imeenea kwa wote.

7. Padri na Papa

Tarehe 22 mwezi wa kumi na moja mwaka 1951, Papa Pio XII aliwahutubia wenye elimu wa Akademia ya Kipapa, ambayo Padri Lemaître alikuwa mshiriki wake tangu mwaka 1936. Papa alisifu mambo mapya yaliyogunduliwa mbinguni, akayaona kama ushuhuda wa kazi ya Mwumba. Wakatoliki wengi walifurahi. Magazeti ya nchi nyingi yaliandika kwamba fizikia imethibitisha uumbaji.

Padri Lemaître angeweza kufurahi kuliko wote. Wazo lake lilikuwa limepata sifa kutoka kiti cha Petro. Kumbe, alihuzunika. Alijua kwamba wazo lake ni maelezo yanayongoja kupimwa, na kwamba kipimo kimoja cha kesho chaweza kuliangusha. Imani ya Wakristu ikifungwa kwenye wazo la namna hiyo, wazo likianguka litaiangusha na imani ya wanyonge. Tena wale waliosema kwamba padri huyu anachanganya Biblia na hesabu wangepata sababu ya kulikataa wazo lake pasipo kulipima.

Basi alilieleza jambo hilo kwa heshima kwa wale waliomzunguka Papa. Alishauriana na Padri Daniel O'Connell, Mjezuiti aliyesimamia nyumba ya kuchungulia nyota ya Vatikano. Mwezi wa tisa mwaka 1952 Papa alipowahutubia wanaastronomia wa dunia nzima waliokusanyika Roma, hakuitaja tena hoja ile.

Mawazo ya Padri Lemaître juu ya jambo hilo yalikuwa wazi. Ziko njia mbili za kuufikia ukweli, naye alizifuata zote mbili. Maandiko Matakatifu hufundisha njia ya wokovu, hayafundishi fizikia. Hesabu hueleza jinsi vitu vilivyotoka hali moja kwenda nyingine. Hazisemi kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu. Mungu si kifaa cha kuzibia tundu katika hesabu ya mtu. Yeye ni Mungu aliyejificha, naye yupo hata pale ambapo hesabu haina tundu.

8. Kufa kwake

Mwaka 1960 Papa Yohane XXIII alimweka kuwa mkuu wa Akademia ya Kipapa na kumpa heshima ya kuitwa Monsinyori. Hakubadili maisha yake. Wanafunzi wa Louvain waliendelea kumwona akitembea njiani, mnene, mchangamfu, mwenye kicheko kikubwa.

Mwaka 1964 moyo wake ulishikwa na ugonjwa, na tangu hapo nguvu zilimpungua. Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson, huko New Jersey katika Marekani, walitangaza kwamba chombo chao cha kupokelea mawimbi ya radio husikia mnong'ono hafifu kutoka pande zote za mbingu, mchana na usiku, bila kukoma. Ulikuwa ni mwanga wa kale sana, uliopoa, uliobaki tangu siku za kwanza za ulimwengu. Wazo la Hoyle halikuweza kuueleza vizuri. Wazo la mwanzo lilieleza. Rafiki yake na msaidizi wake Odon Godart alimletea mgonjwa habari hiyo. Masalio aliyoyatafuta katika mionzi yalikuwa yamepatikana, ila katika kitu kingine.

Monsinyori Lemaître alifariki Louvain tarehe 20 mwezi wa sita mwaka 1966, mwenye umri wa miaka 71. Alizikwa Marcinelle, karibu na mji alimozaliwa.

9. Namba iliyorudi

Mwaka 1998, miaka 32 baada ya kufa kwake, makundi mawili ya wenye elimu waliopima nyota zinazopasuka mbali sana yalikuta jambo la ajabu: ulimwengu haupunguzi mwendo wa kukua, bali unauongeza. Ile namba ya kusukuma, ambayo Einstein aliitupa na padri wa Louvain akaishika, ilirudi katika vitabu vyote. Umri wa ulimwengu sasa huhesabiwa kuwa kama miaka milioni 13 800, na ugomvi kati ya umri wake na umri wa mawe umekwisha.

Lakini wenye elimu hawakulala. Wengine waliuliza kama kweli ipo nguvu ya kusukuma, au kama uvutano wenyewe hubadilika pale umbali unapokuwa mkubwa mno, hata maelezo ya Einstein hayatoshi tena. Kwa hiyo wametunga maelezo mengine ya uvutano. Nani ana haki? Hakuna awezaye kuichukua galaksi mkononi na kuijaribu. Kwa sababu hiyo hutumia kompyuta zenye nguvu nyingi. Huweka ndani yake mamilioni na mamilioni ya nukta, kila nukta mfano wa fungu la vitu vya mbinguni. Huipa kompyuta kanuni ya Einstein, na kuiamuru ihesabu jinsi nukta zinavyovutana, hatua moja, kisha nyingine, kuanzia siku za kale mpaka leo. Kisha huanza tena, safari hii kwa kanuni nyingine ya uvutano. Mwishoni hutazama ni ulimwengu upi kati ya hizo za mashine unaofanana na mbingu yenyewe.

Mojawapo ya maelezo hayo huitwa la kinyonga, kwa kuwa nguvu yake hujificha penye vitu vingi na kuonekana penye utupu, kama kinyonga abadilivyo rangi yake. Mwaka 2019 watu wa chuo cha Durham, Uingereza, walionyesha kwa kompyuta kwamba galaksi kama yetu zaweza kufanyika hata chini ya kanuni ya kinyonga. Kufanyika kwa galaksi peke yake basi hakutoshi kuamua shauri. Lazima kutafuta alama nyingine. Maelezo mengine yamekwisha kuanguka. Tarehe 17 mwezi wa nane mwaka 2017, mtikisiko wa uvutano na mwanga wa nyota mbili zilizogongana viliifikia dunia vikipishana kwa sekunde zisizofika mbili, baada ya safari ya miaka kama milioni 130. Kila maelezo yaliyosema kwamba mwendo wa viwili hivyo watofautiana sana yalikufa siku ile. Maelezo ya Einstein yangali yamesimama, na ile namba pamoja nayo, lakini kupimwa kunaendelea.

Mwaka 2018 chama cha wanaastronomia wa dunia nzima kilipiga kura, kikashauri kwamba kanuni ya kukua kwa ulimwengu, iliyoitwa kwa jina la Hubble peke yake, iitwe tangu sasa kanuni ya Hubble na Lemaître.

Monsinyori Lemaître mwenyewe hakuidai heshima hiyo alipokuwa hai. Asubuhi alisoma Misa, kisha alikwenda kwenye hesabu zake. Altareni hakuleta namba, wala kwenye namba hakumwita Mungu aje kumsaidia kushinda mabishano. Wazo lake alilipenda, akaliacha lipimwe na kila mtu. Na imani yake hakuijenga juu ya wazo hilo. Kwa hiyo siku ambazo wazo lilichekwa, padri hakutikisika. Na siku lilipopata ushindi, hakuwa na sababu ya kujivuna.